Dawa imo ndani ya jani, lakini jani si dawa: Mimea na saratani ya damu



Katika safu yetu ya leo tutazungumzia suala ambalo wasomaji kadhaa wameliuliza kwa ujumbe wa simu: je, upo mmea unaotibu saratani ya damu? Wapo pia ambao hawakuuliza, bali wametuma jibu kabisa, yaani ule ujumbe unaozunguka kwenye simu zetu ukiwa na picha ya majani na maelezo ya vikombe vingapi vinywewe kwa siku.

Swali hili lilinifuata zahanati kabla halijafika gazetini. Aliletwa kwangu mtoto wa kiume wa miaka 6, ana homa. Nikampima malaria, haikuonekana, nikampa dawa ya kuua vijidudu. Baada ya wiki akarudi, homa iko pale pale na viganja vimekuwa vyeupe. Nikasema ni upungufu wa damu, nikampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Mara ya tatu ndipo nilipomvua shati. Nikaona vidoa vyekundu vidogo vidogo, kama vya kuchomwa na sindano, vimetapakaa tumboni na miguuni, na mgongoni alama za kuvilia damu ambazo mama yake alidhani ni za kuanguka mpirani. Nikampa rufaa siku ile ile, na hospitali ikathibitisha kuwa ni saratani ya damu. Nakiri mbele yenu kwamba shati lile nilipaswa kulivua siku ya kwanza. Siku zilizopotea zilipotea mikononi mwangu, si mikononi mwa mganga yeyote.

Miezi miwili baadaye mama yule alirudi na mwanawe. Alhamdulillah, alikuwa mtoto mwingine: anacheka, anakula, homa hana, nywele tu ndizo zilizokwisha. Mama akaweka juu ya meza chupa iliyojaa maji ya majani yaliyochemshwa. Shangazi yake mtoto ndiye aliyeileta. Alisoma kwenye simu kuwa lile ua la waridi lililoko uani kwao ndiyo dawa ya saratani ya damu, akachuma, akachemsha, na mtoto amekunywa wiki mbili. Sasa ukoo mzima unasema majani yamemponya, kwa hiyo za nini tena safari za hospitali na sindano? Mama akaniuliza: "Daktari, niache ipi?"

Somo la leo ndilo jibu nililompa, ila kwa urefu zaidi, maana siku ile foleni ilikuwa imefika nje.

SARATANI YA DAMU NI NINI?

Damu yetu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye kitu laini kiitwacho uboho. Humo huzaliwa chembe za aina tatu. Chembe nyekundu hubeba hewa safi na kuipeleka mwilini. Chembe nyeupe ni askari wa kupambana na maradhi. Chembe sahani huziba tundu pale mtu anapojikata, damu ikakoma kutoka.

Katika saratani ya damu, ambayo wataalamu huiita lukemia, chembe nyeupe changa zisizokomaa huanza kuzaliana bila mpango. Askari hawa wachanga hawapigani vita yoyote, kazi yao ni kula na kujaza nafasi. Uboho ukijaa wao, chembe njema hukosa pa kuzaliwa. Ukilielewa hili, dalili zote zinajieleza zenyewe. Chembe nyekundu zikipungua, mtoto anakuwa mweupe viganjani na kwenye kope, anachoka, moyo unamwenda mbio. Askari wazima wakipungua, homa haziishi. Chembe sahani zikipungua, vinatokea vile vidoa vyekundu, mavilio ya damu, kutokwa damu puani na kwenye fizi. Mifupa iliyojaa kupita kiasi inauma, mtoto anachechemea au anakataa kubebwa. Na chembe zile zikihamia kwingine, huvimba mitoki shingoni na kwapani, na tumbo likajaa kwa kuvimba bandama na ini.

Zipo aina zinazokwenda mbio na zipo zinazokwenda taratibu kwa miaka. Ile ya watoto kwa kawaida ni ya mbio. Bila tiba, mtoto hupoteza maisha kwa wiki au miezi. Haiambukizi kwa kula sahani moja wala kulala chumba kimoja. Si aibu ya ukoo, wala si adhabu ya kosa la mama.

SHANGAZI HAKUKOSEA KABISA

Huenda ulitegemea nianze kwa kumlaumu shangazi. La. Alichosoma kina ukweli ndani yake, na ni haki aujue ukweli huo wote badala ya nusu yake.

Lile ua lipo katika mitaa mingi ya pwani yetu. Ni mmea mfupi, majani yake yanang'aa, maua ni ya waridi au meupe yenye petali 5, na huchanua hata kwenye mchanga na jua kali. Kwa jina la kitaalamu ni Catharanthus roseus, na asili yake ni kisiwa cha Madagaska, ng'ambo tu ya bahari yetu hii.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, alitumiwa na mgonjwa wake bahasha ya majani ya mmea huu kutoka Jamaica, ambako watu waliyanywa kama chai kwa ajili ya kisukari. Akampa ndugu yake Robert Noble, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, ayachunguze. Panya waliponyweshwa maji ya majani yale, sukari yao haikubadilika hata kidogo. Watafiti wakajaribu kuwadunga sindano ya maji hayo. Panya wakafa. Walipochunguza wakakuta wamekufa kwa vijidudu vilivyoenea mwilini, kwa sababu chembe zao nyeupe zilikuwa zimeporomoka na uboho umekauka.

Mtu mwingine angeyatupa majani yale. Robert Noble na mwenzake, mkemia Charles Beer, wakajiuliza: ikiwa kitu hiki kinaangusha chembe nyeupe, je, hakiwezi kumfaa yule ambaye chembe zake nyeupe zimezidi? Mwaka 1958 wakatangaza kuwa wameitenga dawa iliyomo humo, ambayo leo inaitwa vinblastini. Wakati huo huo watafiti wa kampuni ya Eli Lilly huko Marekani nao walikuwa wakiuchambua mmea huo huo, wakapata ndugu yake aitwaye vinkristini, ambayo iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963. Vinkristini huzuia chembe isiweze kugawanyika kuwa mbili. Chembe inayojaribu kugawanyika ikakwama, hufa. Na kwa kuwa chembe za saratani ndizo zenye pupa ya kugawanyika, ndizo zinazoumia zaidi.

Hadi leo vinkristini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni mojawapo ya nguzo za tiba ya saratani ya damu ya watoto, na hata ya ule uvimbe wa taya aliouandika Denis Burkitt alipokuwa daktari Uganda mwaka 1958. Ile sindano aliyokuwa akichomwa kijana wetu kila wiki hospitalini ilikuwa hiyo hiyo. Ndiyo kusema, dawa ya ua la shangazi alikuwa anaipata tayari, ikiwa imesafishwa na kupimwa.

Wala si ua hilo peke yake. Mmea mmoja wa Amerika Kaskazini uitwao Podophyllum ndio chanzo cha dawa ya etoposidi, ambayo hutumika katika baadhi ya saratani, zikiwemo za damu. Mti mmoja wa China uitwao Cephalotaxus umetoa dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2012 kwa watu wazima wenye aina mojawapo ya saratani ya damu inayokwenda taratibu. Kwa hiyo anayesema kuwa mimea haina dawa ya saratani ya damu, huyo naye hajasema kweli.

KWA NINI BASI TUSICHEMSHE?

Hapa ndipo ninapoomba utulie, msomaji wangu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza watoto.

Kwanza ni kipimo. Mtoto wa miaka 6 hupewa vinkristini kiasi cha miligramu 1 na kidogo kwa wiki. Punje moja ya mchele ina uzito unaozidi dozi hiyo zaidi ya mara 10. Daktari humpima mtoto urefu na uzito ndipo akapiga hesabu, kwa sababu ikizidi kidogo inaharibu mishipa ya fahamu, na ikipungua haiui saratani. Kwa upande wa pili, dawa hii ni haba mno ndani ya jani: huhitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu 1 tu. Hakuna sufuria wala kikombe kinachoweza kukupa kipimo hicho.

Pili ni vilivyomo pamoja nayo. Ndani ya mmea huu wataalamu wamehesabu kemikali za jamii hiyo zaidi ya 100. Zipo zinazoweza kushusha presha, zipo zinazogusa moyo, na zipo zinazodhuru. Mwenye kunywa mchemsho hupata kidogo sana cha kile anachokitafuta, na anapata mengi asiyoyatafuta.

Tatu ni njia ya kuingilia. Umeona kwamba panya walionyweshwa hawakupata kitu. Vinkristini huingizwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, na ikidungwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo inaua. Dawa ya namna hii inahitaji mikono iliyofundishwa.

Nne ni kwamba haifanyi kazi peke yake. Madaktari wa zamani waliitumia dawa moja moja, mtoto akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Katika miaka ya 1960 madaktari, wakiwemo wa hospitali ya St. Jude iliyofunguliwa Memphis huko Marekani mwaka 1962, walianza kuziunganisha dawa kadhaa kwa mpangilio maalumu, pamoja na tiba ya kuulinda ubongo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 karibu nusu ya watoto waliotibiwa hivyo walikuwa wanapona. Leo katika nchi zenye uwezo watoto wenye saratani wanaopona ni zaidi ya asilimia 80. Katika nchi nyingi za uwezo mdogo Shirika la Afya Duniani linasema ni chini ya asilimia 30. Sababu zake linazitaja: kuchelewa kugunduliwa, ukosefu wa dawa, na kuacha tiba katikati. La kwanza nimeshakiri hapo juu. La tatu ndilo lililokuwa juu ya meza yangu ndani ya chupa.

KUHUSU MSTAFELI, MWAROBAINI NA HABBAT SAUDA

Wasomaji wameitaja pia mimea hii mitatu, hivyo tuiangalie mmoja mmoja.

Kabla ya hapo tujue jambo moja. Ukisoma kuwa mmea fulani umeua chembe za saratani maabara, maana yake ni kwamba chembe hizo ziliwekwa kwenye kisahani cha kioo zikamiminiwa dawa. Kwenye kisahani, hata siki na sabuni zinaua chembe za saratani. Baada ya kisahani huja wanyama, baada ya wanyama huja watu wachache wa kuangalia usalama, kisha watu wengi wa kulinganisha waliopewa na wasiopewa. Vinkristini ilipanda ngazi hizo, na mimea mingi huishia ngazi ya kwanza.

Ama mstafeli, ni kweli majani na mbegu zake zina vitu vinavyoua chembe maabara. Lakini miongoni mwa vitu hivyo kimo kiitwacho annonasini, ambacho ni sumu kwa mishipa ya fahamu. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe walitoa taarifa ya wagonjwa wenye kutetemeka na kukakamaa viungo, wakakihusisha na mazoea ya kula sana tunda hili na kunywa chai ya majani yake. Sisemi mtoto asionje stafeli. Nasema majani yake yasifanywe dozi ya kila siku, tena kwa mgonjwa ambaye vinkristini nayo inagusa mishipa hiyo hiyo.

Ama mwarobaini, nao umefanyiwa utafiti mwingi wa maabara. Hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu zake wakatapika, wakapata degedege, na baadhi wakafariki. Usimpe mtoto mafuta ya mwarobaini kwa kunywa.

Ama habbat sauda, hii ina nafasi yake katika nyoyo zetu, na ni haki. Hadithi yake mashuhuri imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Watafiti wameitenga ndani yake kemikali iitwayo thimokwinoni, ambayo kwenye kisahani imeua chembe za saratani ya damu. Huko Misri, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tanta walichapisha mwaka 2013 utafiti wa watoto wachache wenye saratani ya damu. Watoto hao walipewa mafuta ya habbat sauda huku wakiendelea na dawa zao za hospitali, na vipimo vya ini lao vilikuwa afadhali kuliko vya wenzao. Zingatia hapo: walipewa pamoja na dawa, chini ya macho ya madaktari, kwa ajili ya kulilinda ini. Hakuna mtoto aliyeachishwa dawa akaambiwa habbat sauda inatosha. Wanazuoni nao, kama Imam al-Khattabi, walieleza kuwa tamko la hadithi hiyo ni la jumla lakini makusudio yake ni maradhi maalumu, yale yanayofaa kutibiwa kwa tabia ya mbegu hiyo. Kwa hiyo anayemtoa mtoto hospitalini kwa hoja ya hadithi hii, ajue kuwa ameifahamu tofauti na walivyoifahamu wajuzi wa hadithi.

MAFUNZO YA KISA CHA ASALI

Wengi tulikisoma madrasa kisa cha mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akimlalamikia tumbo la ndugu yake, akaelekezwa amnyweshe asali. Alirudi akisema hali imezidi, akaambiwa amnyweshe tena, na tena, mpaka ndugu yule akapona. Kimepokewa na Bukhari na Muslim.

Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani kisa hiki kinahusu asali tu. Nilipokuja kusoma utabibu ndipo nilipoyaelewa maneno ya Ibn al-Qayyim, mwanachuoni aliyefariki mwaka 751 Hijria. Yeye alieleza kuwa kurudiwa kule kuna maana ya kitabibu: dawa lazima iwe na kipimo kinacholingana na ugonjwa, ikipungua haiuondoi, na ikizidi inadhoofisha nguvu za mgonjwa. Tazama, zaidi ya miaka 600 kabla ya vinkristini, mwanachuoni wa Kiislamu anatufundisha somo la dozi na somo la kutoiacha tiba katikati.

Aidha, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kujitibu aliamrisha watu wajitibu, na katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na wengineo amemfanya anayejitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu kuwa ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Msomaji, unapobonyeza simu kumtumia mwenye mgonjwa ujumbe wa majani, ikumbuke hadithi hiyo kabla ya kubonyeza.

KWA NINI MAJANI HUSIFIWA

Sasa nirudi kwa mama na chupa yake. Yeye aliona kwa macho: mtoto alikunywa majani, mtoto akapona. Nilimwomba anihesabie siku. Alilazwa tarehe fulani, akaongezewa damu, akaanza vidonge na sindano. Homa ilikatika wiki ya pili. Majani yalianza wiki ya sita. Mama akanyamaza, kisha akasema mwenyewe: "Kumbe alishapona kabla ya majani."

Nikamwambia hata neno kupona bado. Mtoto mwenye saratani hii anapofika hospitalini, huweza kuwa na chembe za saratani zinazofika trilioni 1 mwilini. Baada ya mwezi wa kwanza wa tiba, mkaguzi akitazama kwenye darubini hazioni. Lakini kutoonekana si kwisha, kwani zinaweza kuwa zimebaki hata bilioni 10, zimejificha. Ndiyo maana tiba huendelea miaka 2 hadi 3, nyingi yake ikiwa ni vidonge vya nyumbani na kliniki za mara kwa mara. Ni sawa na magugu shambani: ukikata majani yake shamba litaonekana safi, lakini mizizi imo, na mvua ikinyesha yatarudi. Na saratani iliyorudi huwa ngumu zaidi kuitibu kuliko ya mwanzo.

NYUMBANI MWENYE MGONJWA

Kwa familia iliyo katika mtihani huu, haya ndiyo ya kushika.

1. Mwambie daktari kila kitu anachokunywa mgonjwa, hata kama ni cha babu au cha sheikh. Usifiche kwa kuogopa kufokewa. Vinkristini huvunjwavunjwa na ini, na vipo vitu vinavyolizuia ini lisifanye kazi hiyo, dawa ikajaa mwilini ikawa sumu. Hata dawa za kawaida za fangasi kama itrakonazoli hufanya hivyo.

2. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura. Usimpe kwanza dawa ya kushusha homa ukasubiri asubuhi. Mtoto asiye na askari anaweza kuondoka kwa usiku mmoja.

3. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa na kabla ya kumwandalia chakula. Maji yake yachemshwe, chakula kiwe kimeiva na cha moto, matunda yaoshwe na kumenywa. Mchemsho wa majani uliolala kwenye chupa siku mbili ni bustani ya vijidudu. Hata asali mbichi muulize daktari kwanza.

4. Asifanyiwe hijama, asichanjwe chale, asipigwe bomba la haja kubwa, wala asipewe aspirini. Chembe sahani zake ni chache, damu ikianza inaweza isikome. Vinkristini hufunga choo sana, lakini ya kulainisha choo itolewe hospitalini, si mshubiri.

5. Meno yasafishwe kwa brashi laini. Mswaki wa mti ni sunna na tunaupenda, lakini fizi zinapotoka damu usubiri mpaka daktari aruhusu.

6. Siku 2 za mwanzo baada ya dawa, mkojo na matapishi yana mabaki ya dawa. Vaa glavu unapofua nguo na kusafisha choo, kisha nawa.

7. Kumzuru mgonjwa ni ibada, ila mwenye mafua, kikohozi au tetekuwanga amwombee dua akiwa kwake.

Na ambaye ana mti anaoamini kuwa unatibu, asiukalie wala asiujaribu kwa mtoto wa jirani. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina taasisi ya tiba asili, na tangu sheria ya mwaka 2002 nchi yetu ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Huko ndiko majani yanakopandishwa ngazi.

Wazazi wengi huniuliza kuhusu gharama. Watoto wenye saratani wanatibiwa Muhimbili, Bugando na KCMC, na pale Muhimbili, kwa ushirikiano na taasisi ya Tumaini la Maisha, kwa miaka mingi wamekuwa wakitibiwa bila ya kulipishwa. Kwa hiyo kinachoishinda familia mara nyingi ni nauli, pango la mji mgeni, na damu ya kuongezewa. Chembe sahani hazikai akiba kama mchele: zikishatolewa hudumu siku 5 hivi. Maana yake kila wiki lazima apatikane mtu mwingine wa kutoa.

Hapo ndipo ninapowageukia wajomba, mashangazi na majirani. Mnapenda kuleta kitu, na mapenzi hayo ni neema. Leteni damu. Leteni nauli. Lipeni zamu ya kuwalea wadogo zake waliobaki nyumbani. Na misikiti yetu iweke siku ya kuchangia damu baada ya swala ya Ijumaa, kwani huo ni msaada ambao maabara haihitaji kuuthibitisha.

Mama yule alimwaga chupa nyuma ya zahanati, akaenda kliniki yake Jumatatu kama alivyopangiwa, na akawaeleza madaktari kuhusu zile wiki mbili. Hawakumfokea. Walimpima mtoto ini na damu, wakaendelea. Kijana sasa yuko mwaka wa pili wa tiba, nywele zimerudi, na safari yake bado ni ndefu, tunamwombea kwa Allah (s.w.) amkamilishie. Shangazi naye hakuudhika. Aliuliza tu kama ile sindano kweli inatokana na ua lake. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi angalau aliotesha kitu cha maana, na mwezi uliofuata akaenda kutoa damu.

Ewe mzazi, leo usiku kabla mtoto hajalala, mvue shati umtazame. Ukiona vidoa vyekundu, mavilio yasiyo na sababu, mitoki, au homa inayokwenda na kurudi huku viganja vikiwa vyeupe, usisubiri. Mpeleke akapimwe picha nzima ya damu. Na akikutana na tabibu kama nilivyokuwa mimi siku ile, anayeandika dawa bila kumvua mtoto shati, mwombe kwa heshima amtazame vizuri.

Tukutane tena katika safu yetu, in sha Allah. Wabillahi tawfiq.